Siku moja maishani mwangu: Afisa Elimu Kata na herufi R

Saa 11 alfajiri naamka, nafuta tope la jana kwenye pikipiki, naitikisa nisikie petroli imebaki kiasi gani.

Mimi ni Afisa Elimu Kata, cheo ambacho zamani kiliitwa Mratibu, upande wa Sengerema, ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi. Pikipiki yangu ikikata kona tu, walimu wanaambiana mkaguzi kaja. Mmoja anakimbilia darasani, mwingine anasaka andalio la somo. Ni kweli nakagua. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini: walimu wa shule jirani wanakutana kwenye klasta, kila mmoja na somo lililomshinda, wanafundishana wao kwa wao. Wananchi wengi hawajui kama kitu hicho kipo.

Kuanzia saa 1 na nusu nimezunguka shule mbili: mahudhurio, tundu la choo lililotitia, mzazi mwenye malalamiko. Saa 5 nakunywa chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mama mmoja njia panda. Ananisalimia "Mwangaluka", ananiuliza leo namfukuza mwalimu gani. Namjibu simfukuzi mtu, nawakutanisha. Ananitazama tu.

Klasta ilikuwa saa 8 mchana. Shule zetu ni tatu, na ya tatu iko kule mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki. Ina walimu wanne, na mwalimu mmoja wa kike anabeba awali, la kwanza na la pili peke yake. Saa 8 kasorobo mwalimu mkuu wao anapiga simu: "Madam, walimu hawana nauli." Ni mara ya tatu mfululizo. Iliniuma, kwa sababu hakosei: boda ni elfu 3 kwenda na elfu 3 kurudi, na mimi sina fungu la kuwalipa. Ila huyo mwalimu anayebaki kila mara ndiye anayetuhitaji kuliko wote.

Nikawasha pikipiki.

Kilometa 9. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha mbuga, na lile tope jeusi likajaa kwenye madigadi hadi tairi la mbele likagoma kuzunguka. Nashuka, nachokoa kwa kijiti, napanda, baada ya hatua mia nashuka tena. Walimu wanaokuja ni wawili, na sibebi mishkaki, kwa hiyo nikaenda raundi mbili. Huku simu inaita: "Madam, tuondoke?" Nawaambia jamani, nivumilieni kidogo. Mgongo unawaka. Raundi ya pili ilipoisha sikutazama tena saa. Nilijua tu jua limeshaelekea ziwani na walimu tisa bado wamekaa.

Somo la siku lilikuwa R na L. Watoto wetu wanakuja shule na Kisukuma, lugha ambayo haina R, kwa hiyo kwenye madaftari tunaona wanavyozichanganya, R inakaa mahali pa L: "Mwalimu ana karamu nyekundu." "Hapa ni mahari pa kuchezea." Mwalimu mmoja alileta daftari lenye sentensi hizo, wino mwekundu umejaa, na mtoto amerudia kosa lilelile ukurasa unaofuata. Kumbe wino haumfundishi mtoto ulimi uende wapi.

Mwalimu wa shule ya pili akatoa kioo kidogo cha kujitazamia. Kwa L, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia. Kwa R, inatetema. Watoto wake wanashika usukani wa pikipiki hewani na kunguruma: rrrr. Akatufanyisha sote, watu wazima kwenye madawati ya la pili. Yule mwalimu wa mwaloni, aliyekuwa kimya tangu afike, akasema: "Wangu nitawaambia injini ya mtumbwi. Hiyo wanaisikia kila alfajiri."

Ndipo akasimama mwalimu mkongwe kuliko sisi wote, anayekaribia kustaafu. Akashika kioo, akajaribu, ikatoka L. Akajaribu tena. Akasema taratibu, "Na mimi sina R. Miaka yote hii nimewasahihisha watoto kosa ambalo wamelisikia kwangu." Hakucheka mtu. Kijana wa ajira mpya akamjibu, "Shikamoo mwalimu, tujifunze wote wawili," akasogeza kiti karibu yake, wakawa wanatazama kwenye kioo kimoja, jozi kwa jozi: kula, kura; kalamu, karamu. Mbele ya mkaguzi asingesema neno lile. Mbele yangu alilisema, na kwa hilo nafurahi bila aibu.

Taarifa nitakayotuma itasema: waliohudhuria 11, mada: matamshi.

Kurudisha watu kukawa tena raundi mbili. Wa mwisho kumpeleka alikuwa mwalimu wa mwaloni. Ameazimwa chati ya manila yenye picha za jozi hizo, kaikunja kama bomba. Kabla hatujafika, mvua ikatoka ziwani, ile inayokuja ukiiona kama ukuta. Nikamwambia ajifunike kitenge chake.

Akakivua mabegani, akakizungushia ile chati mara tatu, akaikumbatia. Tulifika kwake tumelowa chapachapa. Alipoifungua chini ya taa ya kibarazani ilikuwa kavu.