Sweta la Makambako

Ukitaka nikusimulie safari yangu ya kwanza ya nje na bendi, sitaanzia Lusaka. Naanzia Makambako, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio, mwaka 1994, treni imesimama na meneja wetu anashuka kwenda kutafuta sweta.

Nilikuwa na miaka 22, mpiga gitaa la rizimu, mgeni kwenye bendi kongwe ya dansi ambayo baadhi ya wazee wake walipanda jukwaani kabla sijazaliwa. Wazee wale walijiona mabingwa wa mipaka. Walishakwenda Nairobi kurekodi santuri, kabla mpaka wa Kenya haujafungwa mwaka 1977, na kila jioni ya mazoezi pale Ilala tulisimuliwa upya, kila mara na chumvi mpya. Kwa hiyo promota wa Lusaka alipotuita, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Wasiwasi wote tulimkabidhi meneja.

Meneja alikuwa mpuliza tarumbeta zamani. Meno ya mbele yalipomtoka akahamia kwenye daftari. Alikusanya pasi zetu zote, 13 pamoja na yake, na kadi za njano za chanjo, akazitia kwenye mkoba wa ngozi, mkanda ukapita kifuani.

"Mkoba huu hauachani na mimi mpaka Lusaka," alitutangazia stesheni ya TAZARA, Barabara ya Pugu, ndiyo Nyerere ya leo.

Kweli hakuachana nao. Hata msalani alikwenda nao. Hilo ndilo lililotuponza.

Tuliondoka Dar jioni, vyombo tumevisukuma chini ya vitanda vya daraja la pili, mashabiki wanapunga mikono kama tunakwenda kuhiji. Usiku tukapita porini Selous; nilikaa dirishani nikitaraji tembo, nikaona giza tu. Alfajiri reli ikaanza kupanda milima, mahandaki na madaraja yakifuatana, na kila kilomita baridi inazidi. Watu wa Dar hatuna akili ya baridi. Tulikuwa na mashati ya jukwaani ya satini, viatu vya kung'aa, na hakuna mwenye sweta. Mpiga kinanda alijifunga shuka akakaa kama maiti.

Makambako treni ilisimama kwa muda. Wauza mitumba walikuwa wamesogea karibu na mabehewa. Meneja akasema, "Dakika mbili tu, wanangu," akashuka, mkoba kifuani. Tukamwona anachagua, anarudisha, anapima mikono. Bei ya sweta ilikuwa shilingi 700, na mzee akatoa noti ya elfu moja. Muuzaji akakimbia kutafuta chenji.

Treni ikapiga honi.

Kumwona mtu mzima anakimbia na sweta jekundu mkono mmoja ndani, mmoja nje, tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Behewa letu lilimpita. La mwisho nalo likampita. Bado tunacheka. Ndipo mzee wa besi, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akauliza taratibu:

"Mkoba anao nani?"

Sijawahi kusikia wanamuziki 12 wakinyamaza namna ile.

Kuanzia hapo hadi Mbeya ilikuwa ni kikao. Kumbuka hapakuwa na simu za mkononi. Nusu walitaka tushuke Mbeya tumsubiri. Kiongozi wa bendi akakataa: "Yule ni mtu mzima, ana pesa, na barabara ya Zambia inapita palepale Makambako. Atatukuta Tunduma." Hesabu yake haikuwa mbaya. Kasoro yake ni moja, alidhani meneja atatukuta. Kumbe alitupita.

Alidandia lori la Wasomali lililokuwa linakwenda Zambia. Joto la kichwa cha lori na sweta jipya vikamlaza usingizi, akaja kuzinduka mpakani. Akauliza kama treni ya Dar imeshapita. Mtu wa kwanza akamwambia bado, wa pili akamwambia imepita zamani. Akamwamini wa pili. Akagonga muhuri, akavuka, akaenda kukaa stesheni ya Nakonde. Saa ya ukutani ilisema saa kumi wakati yake ya mkononi inasema saa kumi na moja, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Akafurahi. Akaagiza chai.

Sisi huku Tunduma maofisa wa uhamiaji walipanda kwenye treni. Walikuwa waungwana, sitawasingizia. Walituuliza pasi, tukawaeleza kisa cha sweta, wakatazamana. Tukaambiwa tushuke na mali zetu. Tukateremsha vyombo kwa kupokezana dirishani, spika, drams, magitaa, mdomo wa bata, yaani saksafoni, huku abiria wengine wakitusaidia na wengine wakitusonya kwa kuwachelewesha. Treni ikaondoka. Mpiga tumba akahesabu mizigo, akahesabu tena, akashika kichwa. Tumba moja ilikuwa imebaki chini ya kitanda.

Treni ikaingia Nakonde. Meneja akapanda na tabasamu lake, akafungua chumba chetu. Hakuna mtu. Akafungua cha pili. Hakuna mtu. Akainama chini ya kitanda, akaiona tumba peke yake. Baadaye alikiri kwamba wakati ule alidhani tumekufa.

Akaibeba begani, akarudi mpakani kwa miguu, jua linazama. Na sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya ofisa wa zamu: mzee mmoja, hana meno ya mbele, amevaa sweta la kike, ana ngoma begani, na kwenye mkoba ana pasi 13 ambazo 12 si zake.

"Mzee, watu wenyewe wako wapi?"

"Nimewapoteza, mwanangu."

Jibu baya kuliko hilo sidhani kama lipo. Akawekwa benchi.

Ilikuwa giza tayari tulipoona ofisa anakuja stesheni, nyuma yake tumba inatembea kwa miguu miwili. Tukapangwa mstari chini ya balbu. Ofisa akawa anafungua pasi moja moja, anaangalia picha, anaangalia uso. Alipofika kwa mpiga kinanda akasimama sana. Kwenye picha kulikuwa na afro kubwa kama kikapu. Mbele yake kulikuwa na upara.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Nywele ziko wapi?"

"Zimebaki Dar, afande."

Hapo ndipo alipocheka, na sisi tukapumua.

Mengine hayana utamu. Treni nyingine hatukuweza kuisubiri, na hata hivyo reli yenyewe, pamoja na urefu wake wa kilomita 1,860, inaishia Kapiri Mposhi, haifiki Lusaka, jambo ambalo wazee wetu mabingwa wa mipaka walilijua siku ile. Tulipanda basi kutoka Nakonde, karibu kilomita 1,000, magitaa mapajani. Onyesho la Jumamosi lilikuwa limeshatupita. La Jumapili tukapiga, watu si wengi, promota akatulipa nusu na hatukuwa na mdomo wa kudai.

Wakati wa kurudi kila mtu alishika pasi yake. Mimi yangu niliiweka ndani ya soksi. Tulipofika Makambako ilikuwa jioni, baridi ileile, na hakuna aliyenyanyuka kwenye kitanda isipokuwa meneja. Amevaa sweta lake, akafungua dirisha, akatoa kichwa, halafu mabega, halafu kiuno. Mimi na mzee wa besi tukamrukia, tukamshika mkanda wa suruali.

"Niacheni," akasema, "namtafuta yule kijana. Ana mia tatu yangu."

Na kijana alikuwepo. Alilitambua sweta kabla ya kumtambua mwenyewe, akaja anakimbia kandokando ya behewa, mkono juu, noti zimekunjwa vidoleni.