Kioo cha Kabatini

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukiondoa vitu kabatini kabla ya mafundi wa rangi kufika, binti yangu alichomoa kioo kidogo cha kujitazamia chenye fremu ya waridi, akauliza kwa nini ukingo wake mmoja umefanya ukungu mweupe usiofutika. Mama yake alijibu bila hata kugeuka: "Muulize baba yako na kangaja wake."

Kangaja yule, samaki wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano, ambaye wataalamu humwita Acanthurus leucosternon, alikuwa amekaa miezi saba akilitawala tangi letu la lita 400 pale sebuleni. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Kila anayefuga samaki wa maji ya chumvi huonywa kwamba mkali huingizwa mwisho, wapole wakishajigawia mapango yao; lakini yule kijana mzamiaji wa Shimoni, kule pwani ya Kenya, aliyezoea kuwauzia wasafirishaji samaki wa mapambo wanaopelekwa Ulaya kwa ndege ndani ya mifuko ya nailoni yenye oksijeni, alikuwa naye siku ile, nami sikuwa na moyo wa kumwambia arudi naye baadaye.

Mwaka 2016 nikataka kumwongezea mwenzake, kangaja wa aina ya Zebrasoma desjardinii, mwenye milia, ambaye akitandaza mapezi yake huwa kama jahazi lililotweka tanga. Kijana alinitazama kwa huruma, akasema, "Ami, hawa wote wawili wanakula mwani mmoja." Nilidhani anausifu urahisi wa kuwalisha.

Sikuwa nimejiendea tu bila matayarisho. Mgeni alikaa wiki nne katika tangi la pembeni ili nihakikishe kwamba hana ugonjwa wa vidoa vyeupe, ambao huwaandama sana kangaja wanapobughudhiwa. Niliyapanga upya mawe yote ya matumbawe ili mwenyeji asijue tena pango lake ni lipi. Kisha nikachukua kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikakitoboa matundu kwa msumari wa moto, nikamtia mgeni humo na kukizamisha tangini, ili wawili hao waonane bila kugusana. Kwa siku mbili mwenyeji alikuja mara kwa mara kukigonga kisanduku, halafu akapunguza, nami nikajiaminisha kwamba wameshazoeana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, baada ya Magharibi, nilimshibisha mwenyeji, nikazima taa za tangi, nikafungua kifuniko.

Kwa muda wa pengine sekunde kumi halikutokea lolote. Pampu ilikuwa ikinguruma chini kwa chini, na mwanga wa ukumbini ulilifikia tangi kwa mshazari. Mgeni alichungulia, akatoka nusu, akarudi. Kisha akatoka mzima, akasogea hadi kwenye jiwe la kati na kuanza kudonoa mwani kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa. Mwenyeji alikuwa amesimama kwenye pembe ya kulia. Niliiona rangi yake ikikolea kabla hajasogea. Alipokuja hakuja kwa mdomo, bali kwa ubavu, amejikunja kama upinde, mkia ukitangulia. Kangaja ana wembe mmoja kila upande wa shina la mkia, nao hulala katika ala yake mpaka auhitaji. Sisi watu wa pwani tumezoea vijembe vya maneno. Hicho kilikuwa kijembe chenyewe. Alipita ubavuni mwa mgeni mara moja tu, na juu ya milia ukatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi, huku kipande cha pezi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, kikishuka polepole majini mpaka kikatua mchangani. Baharini, mgeni angekimbilia mwamba mwingine na habari ingeishia hapo. Kwangu alikimbia mita moja na nusu, akafika kwenye kioo, akageuka, akamkuta mwenzake akimngojea.

Yaliyofuata yalikuwa ya aibu. Niliingiza wavu, nikayabomoa mawe niliyoyapanga mwenyewe, nikamwaga maji sakafuni, na sikumnasa yeyote. Ndipo nilipokumbuka habari niliyowahi kuisikia, nikaingia chumbani, nikachukua kioo cha mke wangu bila kuomba na kukibandika kwa utepe nje ya tangi, kwenye pembe ile ya kulia. Nikawasha taa, kwa kuwa gizani kioo hakina kitu. Mwenyeji alimwona humo adui mbaya kuliko mgeni, adui mwenye buluu yake na njano yake, na kwa siku tatu alimtunishia mapezi na kumpiga mkia, huku mgeni akijilia mwani upande wa pili. Siku ya nne nilikibandua. Jioni ile nikawakuta wote wawili wakichuna jani moja la mwani nililolibana kwa kibanio cha nguo, kila mmoja kwa upande wake.

Wenzangu wakiniuliza dawa, huwajibu kwamba ni kioo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeyavuruga mawe mara mbili, nimeongeza mwani, na siku zilikuwa zimepita. Huenda pia alichoka tu. Mwaka uliofuata nilimpa mgeni mtu mwenye tangi kubwa zaidi, kwa kuwa samaki wa aina ile hufikia hata sentimita 40, jambo nililolijua kabla ya kumnunua. Mwenyeji alibaki, na kila asubuhi alipofika kwenye pembe ya kulia alisimama kidogo kabla ya kuendelea.

"Alijua kwamba yule ni yeye mwenyewe?" binti yangu akauliza. Nilimwambia sijui. Akakisugua kioo kwa siki, lakini ule weupe haukutoka, maana chumvi ilikwisha kupenya nyuma. Mama yake akakichukua, akakirudisha kabatini, rafu ya juu kabisa, nisikoweza kufika bila ngazi.