Siku mtaalamu alipopigwa faini Kigombe

Hii ilikuwa 2010, nipo Kigombe kwa bibi, nimemaliza fom foo nasubiri matokeo, kazi yangu kuandika daftari la vikoba, kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, maana katibu wao macho yalishaanza kumsumbua. Jumamosi wanakaa chini ya mwembe, sanduku katikati, kufuli 3 na funguo kwa watu watatu tofauti. Baadae ndo nikaja kujua kumbe mfumo huo ulianzia kwa wanawake wa Niger na shirika la CARE mwaka 1991, mie nilijua ni wa kwetu Tanga vile walivyoukamata.

Sasa siku hiyo kaja mtaalamu wa mradi, kijana mpole tu, kabandika makaratasi yake makubwa kwenye mwembe anataka wazigawe kaya za kijiji, maskini, wa kati, wenye nacho. Vigezo kaja navyo mwenyewe: bati au makuti, sementi au udongo, redio, baiskeli. Nyumba ya bibi ya makuti. Akauliza, "Mwanangu, mie waniweka wapi?" Kijana kababaika, "Bibi, kwa vigezo hivi... kundi la kwanza."

Weee! Bibi akasema sidaiwi na mtu, mwani wangu unakauka pale pwani, mwaka jana nimevunjika mguu nimetibiwa na mfuko wa jamii wa hiki hiki kikundi wala sikumpigia mtu magoti, na yupo mwenye bati hapo juu, simtaji, akiumwa hana hata wa kumkorogea uji, sasa huyo nani maskini? Alafu akalitoa Azimio la Arusha, la 1967 hilo, alilishika kwenye kisomo cha watu wazima: ili tuendelee twahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. "Bati halimo humo."

Watu hoi kwa kicheko. Kijana naye, haki yake nimpe, alijaribu, akachora safu mpya ila jina la kuipa akakosa, mwisho kaandika "mengineyo". Hiyo mengineyo iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Anakunja makaratasi simu yake ikalia. Sheria ya kikundi, simu ikilia kikaoni 500. Akadhani utani, mwenyekiti kamtolea macho tu. Akatoa elfu moja, chenji kaeni nayo mama zangu. Bibi akakataa kata kata, na sanduku lilishafungwa, basi wakaitwa wale watatu na funguo zao, kufuli moja moja, mpaka akarudishiwa mia tano yake. Nikaandika daftarini: mgeni, simu, 500/=.