Waliniambia Uyole hadi Kyela ni mteremko mtupu

Kila niliyemwambia nataka kutoka Uyole, jijini Mbeya, kwenda Kyela kwa baiskeli alinijibu vilevile: "Dada, huko mteremko mtupu, wewe kaa tu ikupeleke." Wote hao njia hiyo wanaipita ndani ya kosta, wengine wamesinzia. Mimi nimeiendesha yote, peke yangu, kwa siku moja, zaidi ya kilomita 100, na ninajivunia. Lakini ushauri ule ulikaribia kuniumiza, na bado umenikaa rohoni.

Ukitoka Uyole ukaiacha Igawilo, unapanda. Unapanda hadi Isyonje, kwenye Milima ya Uporoto, juu ya mita 2,000. Nilianza saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mwisho wa Mei, na saa tatu ilinikuta bado nipo mlimani, gia nyepesi kuliko zote, mapaja yanawaka. Malori ya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, yanakuja nyuma yako yananguruma. Ukisikia moja linapanda na jingine linashuka kwa wakati mmoja, shuka kwenye majani usubiri. Mimi nilishuka mara tano au sita, wala sikuona aibu.

Isyonje nilikuta ukungu, huoni hata magunia ya viazi yaliyo ng'ambo ya barabara. Nilimwamkia mama mmoja anayeuza viazi, nikanunua vya kuchemsha, sijui mia tano au elfu. Akanishika mkono wa sweta, umelowa jasho. "Mwanangu, unashuka Kiwira na kinguo hiki? Upepo utakuingia kifuani." Akachukua kiroba kilichokwisha viazi, akakikung'uta, akakitoboa kwa kisu tundu la kichwa na mawili ya mikono. Nilikivaa juu ya sweta. Nimewahi kununua jaketi la mtumba kwa pesa nyingi ambalo halikunifaa nusu ya kiroba kile. Kupanda huhitaji nguo nyingi. Nguo ni za kushukia.

Sasa mteremko. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa la siku ile. Kwa kuwa niliogopa mwendo, nilibana breki zote mbili tangu mwanzo, sikuachia. Manyunyu yalianza, maana Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na kandokando ya lami kuna mchanga unaorushwa na magari. Mchanga ule ukishikana na maji kwenye rimu unakuwa msasa. Kwanza nikasikia sauti kama ya mtu anayekwangua sufuria. Nikadhani ni uchafu, nikaendelea. Baadaye kidogo breki ya mbele nikibana, mwendo haupungui. Nilijaribu kukanyaga tairi la mbele kwa soli ya raba, kama nilivyoona vijana wa mkaa wakifanya. Mguu uliteleza, usukani ukapinda, nikaingia kwenye mtaro wa maji wenye nyasi ndefu. Namshukuru Mungu kwa nyasi zile. Goti lilichubuka tu.

Niliigeuza baiskeli, matairi juu, nikaichunguza. Raba za breki za mbele zilikuwa zimeisha kabisa. Kilichokuwa kinagusa rimu ni kile kikombe cha chuma kinachozishika, na rimu ilikuwa na mstari unaong'aa, na unga wa rangi ya fedha uliochanganyika na tope umeganda kwenye spoku. Za nyuma zilibaki kama unene wa kucha.

Kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi alisimama. Hakusema mengi. Kwenye keria yake alikuwa na kipande cha tairi kuukuu anachowekea mzigo usikwaruzwe. Alikata vipande viwili vya urefu wa kidole gumba, akang'oa mabaki ya raba kwa ncha ya kisu, akavisukuma vile vipande ndani ya vikombe vya chuma, upande wenye meno ukitazama nje. Vilikuwa vinene mno, gurudumu halikuzunguka. Akavinyoa kidogokidogo, anajaribu, ananyoa tena, mpaka likazunguka. Kisha akanifundisha kushuka. "Dada, usibane muda wote. Iachie penye mnyoofu, kaa wima upepo ukugonge kifua, halafu bana kwa nguvu kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema ukaushe rimu." Nilimpa elfu mbili, akakataa, nikamwachia viazi. Niliposema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ndipo alipocheka.

Breki za tairi hazishiki haraka kama raba za dukani, lakini zilishika, na kila baada ya kona kadhaa nilisimama rimu ipoe.

Kiwira nilifika salama. Na hapo wale wa mteremko mtupu wanatakiwa wanijibu, kwa sababu ukishavuka Kiwira unapanda tena hadi Tukuyu! Unapita kwenye chai ya Katumba, kijani tupu, Mlima Rungwe umejificha mawinguni na mita zake 2,960, na wewe unasukuma pedali. Tukuyu nilikula mbalaga, ndizi za kupika, na maziwa. Kuleni hapo, msisubiri Kyela.

Kuanzia Tukuyu ndiyo kweli unashuka, na joto linapanda kadiri unavyoshuka. Kiroba nilikivua njiani, sweta baada ya hapo, na kwenye njia panda, unapoiacha barabara ya mpakani, nilikuwa nimelowa jasho kama niliyetoka kuoga. Huku chini ni tambarare, migomba inapungua, mpunga unaanza. Walikuwa wanavuna. Kando ya barabara maturubai yameanikwa mpunga, na watoto wanafukuza kuku kwa fito.

Niliingia Kyela jua likizama. Fundi wa baiskeli alitoa vile vipande vya tairi akanifungia raba mpya, kama elfu nne hivi kwa zote. Akavigeuza mkononi, akauliza ni fundi gani aliyekata vizuri namna ile. Nikamwambia ni kijana wa ndizi, juu ya Kiwira.