Kaka kamshukuru

Jambo lenyewe dogo, ila limenikaa kooni. Wiki hii nimekabidhiwa ofisi ya makamu mkuu wa shule, mdogo wetu wa Muheza kajifungua salama mtoto wa kike, na hata kimoja sijakifurahia sawasawa, kwa sababu ya alichokisema kaka mbele ya kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu na flashi, pale Ngamiani, hapa Tanga.

Tulikuwa tunatoka kwenye mazoezi ya mkono wake wa kushoto (uligoma alipougua; mlionizoea mnajua habari zake, sirudii). Nilisimama kutafuta kava ya simu. Nje ya kibanda pana spika kubwa, na mara ukaanza kupigwa wimbo wake. Wake kabisa, ule unaoanza na kinanda peke yake kabla fidla hazijaingia, alioutunga mwaka aliooa. Kaka akashika nguzo ya kibanda, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka kiitikio cha kwanza kikaisha.

Akauliza kwa upole, "Wimbo wa nani huo, mwanangu?"

Kijana akatazama kompyuta. Nami nikachungulia. Palipotakiwa jina la msanii pameandikwa jina la tovuti. Palipotakiwa jina la wimbo pameandikwa "taarab za zamani 07". Katikati ya ubeti wa pili ikaingia sauti ya mtu anaitangaza tovuti hiyo hiyo, juu ya sauti ya mwimbaji.

"Sijui, mzee. Wa kitambo. Ila unapendwa huo, kina mama wanauulizia sana."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia aliyeutunga na kuupigia kinanda ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Kijana akainuka kwenye kiti, akampa kaka shikamoo ya pili, uso umemng'aa. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linalonichosha. Akasema:

"Basi mzee, sisi ndio tunaokubeba! Bila vibanda hivi nani angekukumbuka? Tunakutangaza bure."

Kaka akajibu, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Wakati anasema hivyo, mama mmoja alikuwa ananyoosha noti ya elfu moja juu ya meza, aingiziwe flashi nzima ya taarab za zamani.

Ndani ya bajaji nikamuuliza, kaka, unamshukuru kwa lipi? Akasema, "Ulitaka nimgombeze mtoto wa watu?" Nikamwambia sikutaka agombezwe, nilitaka aelezwe. Akanyamaza. Tulipofika Barabara ya Kumi na Mbili akasema, kama anayejibu swali jingine, "Kinanda kimetoka vizuri pale mwanzo." Tangu siku hiyo nikifunga macho namsikia: ahsante, mwanangu. Nikisahihisha madaftari namsikia. Mungu akuzidishie. Azidishiwe nini, na kutoka kwenye nini?

Nilimpigia mpwa wangu wa Dar, yule wa kompyuta, nikidhani atakuwa upande wa mjomba wake. Wapi! "Mama mdogo, hoja hii ya zamani sana," akaanza. Akanipeleka Marekani: Napster, programu ya watu kugawiana nyimbo bure mtandaoni, ilianza 1999, bendi ya Metallica wakaishtaki Aprili 2000, Julai 2001 ikazimwa kwa amri ya mahakama, na watu wakaendelea kugawiana nyimbo kwa njia nyingine, muziki haukufa. Akaniletea wachumi wawili, Oberholzer-Gee na Strumpf, waliochapisha mwaka 2007 kwamba upakuaji haukupunguza mauzo ya albamu kwa kiasi cha kuonekana. Akaniletea bendi ya Radiohead, ambao Oktoba mwaka huo huo waliiweka albamu yao mtandaoni na kumwambia msikilizaji alipe anachotaka.

Namshukuru kwa kusoma, nami nimesoma pia. Wapo wachumi waliopata jibu la kinyume, Stan Liebowitz mmoja wao, na mapato ya rekodi duniani yaliporomoka kwa takriban miaka 15 kuanzia huo huo mwaka wa Napster. Lakini sikutaka tubishane kwa takwimu. Nilimuuliza: hao Radiohead, baada ya kugawa, walikula nini? Akasema walizunguka kufanya maonyesho. Haya. Na walikuwa na jina kubwa lililojengwa kwa fedha za kampuni kabla hawajagawa chochote. Sasa mjomba wako atapanda jukwaa gani, na mkono gani?

Huwa najiuliza kwa nini watu hawalitazami hilo. Anayesema kugawa nyimbo kunamsaidia msanii anamfikiria kijana mwenye pumzi, ambaye wimbo ukienea ataitwa Dodoma na Mwanza na kulipwa. Huyo kweli kasaidiwa, sibishi. Sisi wa Tanga tumekulia kwenye taarab, mji huu ndio uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na tunajua fedha zinavyokwenda ukumbini. Mwimbaji anatunzwa, noti zinamfuata mkononi, shingoni, kwenye khanga. Mtunzi yuko nyuma kwenye kiti, anasubiri mgao. Kaka alipata mgao kwa sababu alikuwa anapiga. Siku mkono ulipogoma, mgao ukakoma, na nyimbo ndizo zilizobaki zinatembea mjini bila yeye.

Wala intaneti haikuanza hayo. Kaseti zake za miaka ya tisini, msambazaji alichukua masta, yaani rekodi mama, kwa malipo ya mkupuo na hesabu ikaishia hapo. Baadaye kila nyumba yenye redio ya kaseti mbili ikawa kiwanda. Mama mwenyewe alikuwa anawarekodia majirani, kwa fahari, kwamba hii ya mwanangu. Tofauti ni kwamba mama kila kaseti aliiandika ubavuni kwa kalamu: jina la kikundi, jina la wimbo, na mtunzi.

Nimekwenda hadi kuisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hakimiliki inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Na mbali na fedha, anayo haki ya kutambulishwa kuwa kazi ni yake. Nilipoifikia sehemu hiyo nililia, sioni haya kusema.

Sasa Jumamosi, nikiwa bado na uchungu wangu, kaka akapigiwa simu kutoka Maskati. Mama mmoja mwenye asili ya Pangani anamwoza binti yake, ule wimbo aliupata kwa WhatsApp kutoka kwa shoga yake. Alimtafuta mtunzi wiki nzima, akaulizia kwa watu wa Tanga mpaka namba ikapatikana. Anataka atungiwe wimbo wa harusi, mpya, majina ya maharusi ndani yake, na keshatuma nusu ya fedha.

Alimjuaje? Nikaomba atutumie faili lake. Kaka akaniambia nipandishe sauti. Ni kaseti ile ile, ina mkwaruzo, lakini hakuna aliyeikata mwanzo: mwimbaji anawasalimu wasikilizaji, anataja kikundi, kisha anasema shairi limetungwa na nani na kinanda kinapigwa na nani. Nusu dakika hivi. Nusu dakika hiyo ndiyo iliyofika Maskati ikamtafutia kaka kazi, na ndiyo waliyoikata wa ile tovuti kabla ya kubandika tangazo lao.

Kwa hiyo mpwa wangu kapiga simu kushangilia, "Si nilikwambia, mama mdogo?" Nikamwambia hukuniambia hivi. Wimbo kutembea sina ugomvi nao. Unatembea na nani, hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kesho kutwa nitarudi kwa yule kijana na faili la Maskati na kumwomba aweke hili, aandike jina kamili, na mama akija na elfu moja yake aone ananunua kazi ya nani. Nitamwomba kwa adabu, kama kaka. Akikataa, nitasema kama mimi.

Kaka tangu jana yuko barazani na daftari. Shairi linatoka, mizani inakaa, ananiita kila saa nimsikilize. Ameniomba nimtafutie kijana wa kupiga kinanda, na ameshataja ni lazima atajwe mwanzoni mwa wimbo.

Lakini mama yetu ananitia wasiwasi. Leo nimefungua kopo lake la dawa za presha nikakuta vidonge vya wiki nzima viko vile vile. Jirani kamwambia majani ya mlonge yanatosha, naye kaamini, na asubuhi aliposimama kwenda kuswali alishika ukuta. Zahanati ya karibu kipimo kimeharibika. Itabidi kesho niombe ruhusa, siku ya pili tu tangu nipewe ofisi, nimpeleke mjini.