Kumbukumbu ya mradi wangu: chupa ilibadilika, gazeti je?

Nakusanya matangazo ya dawa za siri yaliyotoka katika magazeti ya zamani, na mafaili ya Marekani sasa yamepangika. Kila dawa ninayoifuatilia ina jozi: upande mmoja matangazo ya magazeti yaliyochapishwa kabla ya tarehe 1 Januari 1907, upande wa pili yaliyofuata. Siku hiyo ndipo ilipoanza kutumika sheria ya chakula na dawa ambayo Rais Theodore Roosevelt aliitia saini tarehe 30 Juni 1906, iliyotaka lebo ya chupa itaje baadhi ya vilivyomo. Nilitaka kujua kama msomaji wa kawaida, anayefungua gazeti huku ana mtoto mgonjwa nyumbani, angeona tofauti yoyote. Kwa kadiri nilivyosoma hadi sasa, asingeiona. Chupa ilibadilika, ukurasa ulibaki vilevile.

Dawa ninazozungumzia ziliuzwa bila cheti cha daktari. Jina lilisajiliwa kama alama ya biashara, na mchanganyiko ukafichwa. Nyingi hazikuwahi kupewa hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi, kwa sababu anayeomba hataza hulazimika kueleza hadharani alichokitengeneza, na hilo ndilo wenye dawa hawakulitaka. Biashara yenyewe ilikuwa kubwa mno. Mwandishi wa habari Samuel Hopkins Adams, alipoanza mfululizo wake wa makala katika jarida la Collier's mwezi Oktoba 1905, alikadiria kwamba Wamarekani wangetumia takribani dola milioni 75 kwa dawa hizo mwaka huo mmoja.

Kuhusu utafutaji

Chanzo changu kikuu ni Chronicling America, hazina ya magazeti ya zamani iliyo chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mashine iliyosoma kurasa hizo huchanganya safu, na herufi ndogo za matangazo ndizo inazozikosea zaidi. Ila kikwazo kikubwa ni namna matangazo yenyewe yalivyoandikwa. Mengi hayafanani na tangazo hata kidogo. Unakutana na kichwa cha habari kuhusu mwanamke aliyekata tamaa ya kuishi, zinafuata aya za maisha yake, madaktari walioshindwa, usiku asiolala, na jina la dawa linachomoza mwishoni kabisa. Dr. Williams' Pink Pills for Pale People, biashara ya George Fulford wa Brockville, Ontario, ilijengwa kwa habari za aina hiyo. Kwa hiyo nimeacha kutafuta majina ya dawa peke yake. Natafuta maneno ya wagonjwa: mgongo unaouma, damu hafifu, usingizi uliopotea.

Njia hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa Doan's Kidney Pills, na sasa faili lao ndilo nene kuliko yote. Mtindo wao ulikuwa shahidi wa mahali. Mchoro ni uleule wa mtu aliyeinama akishika kiuno, maelezo ya figo ni yaleyale, lakini anayetoa ushuhuda ni mkazi wa mji ambako gazeti lile linasomwa, jina lake na mtaa wake vimetajwa. Ukiyapanga matangazo ya miji tofauti sambamba unaona kiunzi kimoja kikizunguka nchi, kila kinapotua kikivikwa jirani mpya. Msomaji anaambiwa: huyu si mtu wa mbali, unaweza kwenda kumuuliza. Sijaona katika mkusanyiko wangu wote mbinu iliyomfahamu msomaji vizuri kuliko hii.

Peruna, au namna ya kuuza ugonjwa kwanza

Nilidhani ningekaa na Peruna kwa muda mfupi. Bado niko nayo. Dakta Samuel B. Hartman wa Columbus, Ohio, hakuanza kwa kusifu dawa yake. Alianza kwa kumfundisha msomaji ugonjwa. Kwa mafundisho yake, karibu kila maradhi ni katara, yaani uvimbe wa utando wa makamasi, na tofauti ni mahali tu. Nimonia ni katara ya mapafu, na kifua kikuu pia. Tumbo lisilosaga chakula ni katara ya tumbo. Hata kidole tumbo kinapovimba, ni katara. Mtu akishalikubali hilo hahitaji kushawishiwa zaidi, kwa kuwa dawa ya katara ni moja na duka linayo.

Ndani ya chupa kulikuwa na pombe karibu asilimia 28. Mwaka 1905 Ofisi ya serikali ya Mambo ya Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa Marekani, ilipiga marufuku kuuzwa kwa Peruna katika maeneo yao. Mwaka huohuo idara ya mapato ya serikali ikasema vinywaji vya namna hiyo visipoongezwa dawa ya maana, wanaoviuza watalazimika kukata leseni ya pombe. Hartman akaongeza vitu vya kuharisha. Waliokuwa wakinywa Peruna kwa sababu nyingine hawakuifurahia tena, na baadaye mchanganyiko wa zamani ukauzwa kwa jina la Ka-Tar-No. Nikiweka matangazo ya miaka hiyo kando ya mambo haya, napata uchungu kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopoteza miezi yao wakinywa pombe wakidhani wanatibiwa.

Bibi Pinkham

Lydia E. Pinkham wa Lynn, Massachusetts, alianza kuuza dawa yake ya mitishamba kwa ajili ya wanawake mwaka 1875. Alifariki Mei 1883. Katika magazeti ya miaka ya 1900 uso wake bado uko pale, mtulivu, nywele zimefungwa nyuma, na wanawake wanaalikwa wamwandikie Bi. Pinkham siri zao ambazo wasingethubutu kumwambia daktari mwanamume. Aliyebeba jina hilo wakati huo alikuwa mke wa mwanawe. Mwaka 1905 Edward Bok, mhariri wa Ladies' Home Journal, alichapisha picha ya kaburi la Lydia ili wasomaji wajionee tarehe wenyewe.

Nimesoma shuhuda nyingi za dawa hii, na sitaki kuzipita kwa dharau. Wanawake wale walikuwa na maumivu ya kweli, na wengi hawakuwa na mahali pengine ambapo maumivu hayo yalisikilizwa. Tangazo liliwapa masikio hayo, kisha likawauzia chupa yenye pombe ya asilimia 18 hivi. Faili hili nimelipa alama yake ya pekee, kwa sababu ndilo linalohifadhi sauti za wanawake kuliko mengine yote, hata kama sauti hizo zilipita kwanza mikononi mwa mwandishi wa matangazo.

Kifungu chekundu

Wiki hizi za karibuni nimekuwa nikitafuta kitu ambacho hakikuchapishwa. Frank J. Cheney wa Toledo, mwenye Hall's Catarrh Cure na kiongozi wa chama cha watengenezaji wa dawa hizi, alibuni kifungu cha kuwekwa kwenye mikataba ya matangazo, kikipigwa chapa kwa wino mwekundu: endapo jimbo litapitisha sheria ya kuzuia utengenezaji au uuzaji wa dawa hizo, mkataba unakufa. Mwenye gazeti alielewa bila kuelezwa zaidi. Mwandishi Mark Sullivan alikifichua kifungu hicho katika Collier's mwezi Novemba 1905. Alionyesha jinsi bunge la Massachusetts lilivyojadili muswada wa lebo za dawa huku magazeti ya jimbo yakinyamaza, isipokuwa Springfield Republican.

Ndiyo maana nimeongeza safu mpya kwenye jedwali langu: je, toleo lenye tangazo lina neno lolote kuhusu sheria za dawa? Kazi ni ya taratibu, kwani lazima kusoma gazeti zima. Lakini bila safu hiyo tangazo linaonekana kama kipande cha karatasi kilichojitegemea, na halikuwa hivyo.

Jozi ninayoirudia

Mrs. Winslow's Soothing Syrup ilikuwa dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno, nayo ilikuwa na mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na kasumba. Matangazo ya kabla ya 1907 yanazungumza na mama kwa upole, yanataja ufizi, tumbo, usingizi. Mofini haitajwi. Sheria mpya ilitaka lebo itaje kama chupa ina pombe, kasumba, mofini, kokeini, heroini na vingine kadhaa. Haikugusa matangazo. Kwa hiyo gazetini upole ni uleule, isipokuwa umeongezwa mstari mmoja: imedhaminiwa chini ya sheria ya tarehe 30 Juni 1906, pamoja na namba yake. Udhamini huo ulitolewa na mtengenezaji mwenyewe. Hakuna afisa wa serikali aliyeipima dawa na kuiidhinisha. Sheria iliyotungwa kumlinda mtoto ikageuzwa sifa ya chupa. Kila ninapokutana na mstari huo nauwekea alama, na sasa nimeukuta kwa dawa nyingi mno kuamini kwamba waliouweka hawakujua utasomwaje.

Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Johnson aliyeuza dawa ya saratani, iliamua kwamba sheria ilihusu uongo juu ya viambato tu, si uongo juu ya uwezo wa kuponya. Marekebisho ya Sherley ya 1912 yalijaribu kuziba pengo hilo, lakini ikabidi serikali ithibitishe kuwa muuzaji alikusudia kudanganya. Matangazo ya dawa yalipata udhibiti wa waziwazi mwaka 1938 tu, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipopewa mamlaka hayo. Kwa hiyo mstari wangu wa mwisho kwa Marekani utasogea kutoka 1914 hadi 1938.

Kinachofuata

Kabla ya hapo naingia Uingereza. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha Secret Remedies, kitabu kilichopima dawa hizi na kutaja gharama zake. Beecham's Pills, zilizotangazwa kuwa thamani ya kila kasha ni gini moja (shilingi 21), zilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Viambato vya vidonge 56 viligharimu nusu ya farthing, yaani sehemu ya nane ya peni, na kasha likauzwa shilingi moja na peni moja na nusu. Magazeti mengi yalikataa hata tangazo la kulipia la kitabu hicho. Kamati ya Bunge iliyochunguza suala hili ilitoa ripoti tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani, na ripoti ikazikwa na vita.

Naanza na Beecham's. Jedwali litahitaji safu moja zaidi, ya stempu ya kodi iliyobandikwa kwenye kila kasha la dawa za namna hii, maana wanunuzi wengi waliiona kama muhuri wa serikali kwamba dawa ni nzuri, na nataka kuona ni matangazo yapi yaliyoitaja.