Radi ya Mawe Drottningholm

Kikombe cha kahawa kwenye boti ya kutoka Stockholm kilinitoa kroni 48, na kahawa yenyewe maji matupu. Basi nikaingia kwenye jumba la maigizo la Drottningholm, ikulu ya wafalme wa Sweden, nimenuna, nikisema angalau nishike marumaru ya wafalme, pesa yangu irudi. Nikaegemea nguzo.

"Bwana, tafadhali usiguse!" Binti aliyetutembeza alinidaka, lakini ukucha wangu ulishagonga: ko, ko. Mbao! Imepakwa rangi tu ikafanana na jiwe. Malkia Lovisa Ulrika alilijenga jumba hili mwaka 1766 baada ya la kwanza kuungua, na fedha zilikuwa haba. Mapambo mengine ni ya karatasi iliyopondwa. Nikapoa kidogo. Kumbe hata ikulu hubana matumizi.

Tukashuka chini ya jukwaa. Giza, harufu ya mbao kavu, na kamba juu ya kamba zimepita kwenye kapi za mbao, zinaelekea kwenye duara moja kubwa, mtambo wa kuzungusha ili kuvuta kamba. Watu wakiizungusha, mbao za picha huko juu huteleza zote kwa pamoja. Bustani inageuka gereza mtazamaji anaona, pazia halijashushwa. Fundi wake alikuwa Donato Stopani, Mwitaliano. Mimi ni mtu wa Pangani, mjomba wangu nahodha: duara, kapi na henza, kamba ya kupandishia tanga, nimevijua kabla ya kalamu. Sikutegemea kuvikuta kwenye nchi ya baridi, vinapandisha mawingu badala ya tanga.

Mara dari ikanguruma. Nikainama, mikono kichwani, wenzangu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Radi gani! Sanduku refu la mbao, ndani mawe, ukivuta kamba linainama upande mmoja na mawe yanabingirika. Mawimbi nayo ni magogo yaliyochongwa msokoto, yanazungushwa kwa mkono.

Mwaka 1792 mwana wa malkia, Mfalme Gustav III, alipigwa risasi kwenye dansi ya vinyago mjini Stockholm, na jumba likasahauliwa. Mwaka 1921 msomi Agne Beijer alikuja kutafuta mchoro tu, akakuta mitambo ipo vilevile.

Jioni nikampigia mjomba, nikamsimulia yote.

"Kamba zenyewe za makumbi au nailoni?"

"Sikuuliza, mjomba."

"Umekwenda mpaka huko, mwanangu, hukuuliza kamba?"